Kichwa Kilichovuliwa Kofia

Kalondu anasema aliniona kwa macho yake mawili nikiosha kichwa cha mtoto.

Anasema ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, naye alikuwa anaanika mablanketi kwenye kamba ya ploti yetu. Akageuka, akanikuta nimekaa mlangoni pangu na karai la povu katikati ya miguu. Nikatoa kichwa majini. Cha kijivu, anasema, kama majivu ya jana, macho yamefunguka lakini hayana mboni. Nikakisugua nyuma ya masikio kwa mswaki. Halafu, na hapa ndipo anaposhusha sauti, nikakipuliza puani, nikakifunga kwa taulo, nikaingia nacho ndani kama mtu anayempeleka mtoto kulala. Hakupiga kelele kwa sababu ulimi ulimlemea. Alimaliza kuanika, akaenda kumwambia mama wa sukuma, muuza mboga pale kona, maana jambo kama lile mtu hawezi kukaa nalo peke yake.

Yote hayo ni kweli, isipokuwa mtoto.

Nilipomuuliza mbona ananitangaza, hata haya hakuona. "Nyinyi Wataita si mlikuwa mnafukua wazee wenu mnawapanga kwa mawe?" alisema. "Sasa mimi Mkamba nikiona kichwa kwa karai, nidhani ni kabichi?"

"Kichwa chenyewe kikubwa kama limau, mama Maundu," nilimjibu Kalondu.

"Ndiyo nikasema cha mtoto."

Sikuweza kumkasirikia. Kwetu Mwanda, huko mlimani, kabla ya watu kuingia kanisani, mzee akifa alizikwa, na baada ya muda jamaa zake walimfukua, wakachukua kichwa, wakakisafisha na kukipeleka kwenye pango la ukoo kikae pamoja na vichwa vya baba zake. Siku hizi hakuna anayefanya hivyo. Lakini mapango yapo, na vichwa vimo, na sisi tukiwa watoto tulikatazwa hata kunyoosha kidole upande ule. Kwa hiyo kichwa kinachooshwa kwa sabuni mlangoni kwa Mtaita si jambo la kuchekwa. Ningekuwa Kalondu, mimi pia ningeenda kwa mama wa sukuma.

Chenyewe kilikuwa cha rezini. Ni kitu kinachomiminwa kama uji kikaganda kama jiwe, kizito kuliko plastiki, na ukikiangusha kinavunjika. Kikitoka kwenye kalibu, yaani umbo linalomiminiwa, kina mafuta mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta, ndiyo maana tunakiosha. Kupuliza pua ni kutoa maji yaliyobaki kwenye matundu.

Nikisema tunakiosha, ni mimi na Mzee Abdulbasit. Yeye ndiye mwenye duka la rangi na misumari karibu na reli, hapa Voi, na ploti ninayokaa iko nyuma ya duka lake. Watu wake walitoka Mombasa zamani. Mimi nilikuja kwake nilipomaliza darasa la nane, kupima misumari na kukoroga rangi, na nikakaa. Ujana wake alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na hata alipofungua duka lake mkono haukutaka kupumzika. Mpwa wake Hanif, aliyehamia Uingereza, ana kikaratasi cha habari anachochapisha kwa ajili ya watu wa mchezo mmoja: wanatengeneza sanamu ndogo za vichwa na mabega, za askari na wafalme na mabaharia, na kuzipaka rangi mpaka udhani zitakohoa. Wengi ni wazee waliostaafu, anasema Hanif, na wanagombana juu ya rangi ya kifungo cha koti kama watu wanaogombania shamba.

Hanif mwenyewe ndiye anayemimina vichwa. Kabla ya kuuza kimoja humtumia mjomba wake nakala ya kwanza kwa posta, ndani ya boksi lililojaa pamba, na barua: paka, kisha chambua bila kunionea haya. Mishono ya kalibu imeonekana? Kuna mapovu ya hewa? Uso unapokea rangi au unaikataa? Mzee Abdulbasit alipaka, akaandika, akarudisha vyote viwili.

Mwaka wa tisini na tatu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Siku moja alikuwa anatia mboni kwenye jicho la baharia, akainua brashi, akaitazama ikicheza hewani, akanigeukia.

"Saru. Wewe huna haraka, sivyo?"

"Sina, mzee."

"Njoo basi. Tia hapa kijidoti kimoja. Usivute pumzi."

Tangu siku hiyo nikapaka mimi. Alinifundisha kwamba ngozi haina rangi moja. Mtu mweusi ana wekundu sikioni jua likiwa nyuma yake, ana kijani kidogo chini ya jicho akiwa hajalala, na kwenye paji la uso ana mahali panapopata anga. Nilianza kuangalia watu dukani. Mtu anauliza bei ya bawaba, mimi natazama mpaka wa midomo yake. Nilichanganya rangi kwenye kifuniko cha mkebe, nyembamba kama maziwa yaliyotiwa maji, nikapaka tabaka juu ya tabaka, na kila moja nikaliacha likauke kabisa. Treni ya mizigo ikipita meza hutetemeka, kwa hiyo nilijifunza kuisikia ikiwa bado mbali, nikainua brashi, nikangoja mabehewa yote yaishe, nikarudi palepale nilipoachia.

Kuchambua pia nikaanza mimi. Mzee aliniambia niseme ninachoona, naye ataandika. Mfalme mmoja nilisema ana ndevu za mbuzi aliyenyeshewa. Mzee aliandika hivyohivyo. Hanif akajibu kwamba aliyechonga ndevu zile ni yeye mwenyewe, alikaa siku mbili bila kuzungumza na mtu, kisha akazichonga upya.

Sasa kichwa alichokiona Kalondu kilifika Juni, mwaka wa tisini na sita. Kilikuwa askari Mwafrika wa vita vya Mjerumani, vile vita vya kwanza vilivyopiganwa huku kwetu upande wa Taveta. Kilikuja vipande vitatu: mabega yenye shati la jeshi na vifungo, kichwa, na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Barua yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Nakala ziko mbili tu, aliandika, maana kalibu imepasuka, na moja imefika kwa mwenzake ikiwa imevunjika pua. Hii ya Voi ndiyo itakayowekwa kwenye maonyesho yao mwezi wa Oktoba, kwa hiyo irudi kabla Agosti haijaisha. Na chini kabisa: "Mjomba, najua siku nyingi kwamba huu si mkono wako. Niandikie jina kamili la huyo binti. Kadi itakayokuwa mbele ya askari itakuwa na jina lake."

Mzee alinisomea mara mbili, kisha akanipa kalamu niandike jina mwenyewe. Saru Mwandawiro. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa mashine mara mbili maishani, kwenye cheti cha darasa la nane na kwenye kitambulisho. Niliandika polepole, herufi moja moja, wino usije ukachafuka.

Nikaosha, Kalondu akaona, na mengine mnayajua.

*

Habari ilipanda mlimani na akina mama wa soko. Sijui ni nani aliyeongeza nini wapi. Ninachojua ni kwamba ilipotoka Voi kilikuwa kichwa cha mtoto, na ilipofika Mwanda kilikuwa kichwa cha mtu mzima, tena mtu mwenye jina. Siku ya kumi na mbili nyanya yangu Tryphena akashuka kwenye basi la asubuhi, mwenyewe, na fimbo yake na kikapu cha maharagwe, amevaa gauni la kanisani. Ana miaka themanini na zaidi. Mara ya mwisho alishuka Voi kung'oa jino.

Aliingia dukani, akasalimiana na Mzee Abdulbasit, akakataa kiti, akanitazama.

"Nimesikia uko na baba yangu," alisema.

Tulikuwa tunazungumza Kidawida, lugha yetu Wataita, lakini mzee amekaa Voi miaka mingi, anasikia. Aliacha alichokuwa anafanya.

"Si yeye, nyanya. Ni sanamu. Watu wamekudanganya."

"Watu wamenidanganya tangu Mjerumani. Nionyeshe."

Nilimpeleka chumba cha nyuma. Askari alikuwa kwenye kigingi chake mezani, uso nimeshaufikisha mbali, kofia nimeikalisha tu juu bila gundi. Nyanya alikaa. Akatoa kopo la ugoro, akalirudisha bila kulifungua. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumwona akiangalia kitu chochote.

"Hapa umefanya vizuri," alisema, akaonyesha chini ya jicho. "Huyu mtu amechoka."

"Ndiyo."

"Lakini si yeye. Baba yangu hakupewa kofia. Alipewa mzigo."

Nilimvua askari kofia, nikaiweka kando. Chini yake kichwa kilikuwa bapa, na tundu katikati pa kushikia kofia. Nyanya alicheka kidogo.

"Ndivyo serikali inavyotuona," alisema.

Mzee Abdulbasit alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai aliyomletea nyanya. Naye akacheka, akamwagikiwa na chai mkononi.

Kisha nyanya akasimulia. Nilikuwa nimesikia nusu nusu tangu utotoni, lakini si kwa mpango. Mwaka ule Waingereza walikuwa wanakusanya wanaume wa kubeba mizigo kuelekea Taveta. Baba yake alichukuliwa pamoja na wenzake. Nyanya alikuwa mtoto wa miaka mitatu, labda minne, na baba alimbeba mabegani mpaka kwenye kona ya njia. Alijishikilia kwa masikio ya baba. Wanaume wa zamani walitoboa masikio, wakayavuta kwa vijiti mpaka ndewe zikaning'inia, na mtoto akibebwa hutia kidole kwenye tundu la sikio kama anayeshika mpini wa kikombe. Pale kwenye kona baba akamshusha. Akateremka na wenzake. Hakurudi, wala hakuna aliyejua alilala wapi, kwa hiyo hapakuwa na kaburi la kufukua.

"Pale pangoni, kwenye jiwe," nyanya alisema, "wazee walimwachia nafasi. Kati ya baba yake na ndugu yake. Kiasi cha sahani. Aliyefuata kufa waliruka ile nafasi, wakamweka upande wa pili. Halafu tukawa watu wa kanisa, tukaacha kwenda. Lakini mimi huenda nikatazama kwa mbali. Nafasi bado iko."

Akanyoosha mkono, akagusa sikio la askari kwa ncha ya kidole. Rangi ilikuwa kavu, nilimwacha.

"Uso wake siujui, Saru. Nikikwambia naukumbuka nitakuwa mwongo. Sikio ndilo ninalolijua. Unaweza kulitengeneza?"

"Nyanya, hiki si changu. Kina mwenyewe, Ulaya. Kinangojewa."

"Kwani nimesema ni chako? Nimesema ni baba yangu."

Mzee Abdulbasit akamwambia, kwa upole, kwa Kiswahili, kwamba sanamu ni ndogo mno, mama, nafasi ya sahani haitajaa.

"Bwana duka," nyanya alisema, "mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ameshafika bondeni. Alikuwa mkubwa hivi hivi."

Alikunywa chai yake yote. Aliniachia maharagwe, akarudi na basi la saa tisa. Hakuniuliza tena. Hiyo ndiyo tabia yake, husema mara moja halafu anakuachia ulale nalo.

*

Kwa wiki nzima nilipaka kama nilivyoagizwa. Nilimaliza shati. Vifungo nilivitia weusi kuzunguka ukingo, kisha mstari mwembamba wa mwanga, na kofia niliipa vumbi letu jekundu, maana hakuna kofia inayokaa huku siku tatu ikabaki na rangi yake. Nilipoweka vipande vyote pamoja alikuwa askari kamili. Nilijua ni kazi yangu bora. Nilimwazia ndani ya ukumbi huko Uingereza, wale wazee wa vifungo wakiinama na miwani yao, na chini yake kadi. Niliwaza hata watalitamka vipi jina la baba yangu, Mwandawiro.

Lakini kila nilipomvua kofia ili nimfunike kwa kitambaa, masikio yalinitazama. Masikio madogo, mazima, ya mtu asiyewahi kubeba mtoto.

Nilijiambia nitajaribu kwa puti tu. Puti hutoka. Dukani tunayo ya kuzibia mbao, nzuri, inakaa laini muda mrefu. Nilitengeneza uzi mwembamba, nikauning'iniza chini ya sikio la kushoto, nikaukunja. Haukukaa. Ndewe ya puti bila tundu la kweli juu yake ilikuwa kama hereni iliyobandikwa na mtoto. Ili ishike ilibidi nitoboe. Nilikaa na kisindano cha kutobolea mkononi, treni ikapita yote, mabehewa nikayahesabu, ishirini na nane, na ilipokwisha nikatoboa.

Puti hutoka. Tundu halitoki.

Baada ya hapo sikuwa tena na cha kujificha. Siku tatu, nikifunga duka mpaka mwanga uishe, nilitengeneza ndewe mbili, ya kulia ndefu kidogo kuliko ya kushoto, kwa sababu mtoto akibebwa hulemea upande mmoja. Kile kibapa cha utosini nilikijaza, nikakidonadona kwa mswaki mpaka kikawa nywele. Nilifuta ule mwanga mkali niliokuwa nimeyapa macho ya askari, mwanga wa mtu anayetazama bendera, nikayateremsha yakatazama njia. Na mabega sikuyarudisha. Shati lile halikuwa lake. Kilibaki kichwa na shingo, juu ya kigingi.

Mzee Abdulbasit alikuja asubuhi ya nne. Alikichukua, akakisogeza karibu na jicho, mkono wake ukitetemeka, nami nikaweka viganja chini ikiwa kitadondoka.

"Askari wa Hanif ametoboa masikio," alisema.

"Nimeharibu, mzee."

"Kuharibu ni kumwaga tapentaini kwenye sukari. Hii ni kazi." Akakigeuza. "Lakini si kazi aliyoiomba. Na ya kwake haipo tena. Lile jina lako kwenye kadi, je?"

Nilikipokea kichwa, nikakirudisha kwenye kigingi.

"Mimi siwezi kukupa kitu cha mwenyewe," alisema. "Hanif ni mpwa wangu, lakini kichwa ni chake. Mwandikie. Wewe, si mimi. Mchambulie kama siku zote, kisha umwambie ulichofanya, kisha uombe."

Niliandika barua ile Jumapili nzima. Nakala ya kwanza ninayo, hii hapa.

*Ndugu Hanif, salamu. Mimi ndiye Saru Mwandawiro ninayepaka. Kwanza uchambuzi. Mshono unapita nyuma ya shingo tu, umetoka kwa msasa. Sikio la kushoto lilikuwa na mapovu mawili, la kulia hakuna. Midomo imechongwa vizuri, yaani mtu amefunga mdomo lakini meno hayajakutana. Hilo sijaliona kwenye kichwa chako kingine. Kofia ni nzito, inamfanya aonekane anasubiri amri. Macho umeyainua juu mno. Watu waliokwenda vita vile kutoka huku wengi hawakuwa askari, walikuwa wabebaji, na mbeba mzigo anaangalia mguu wake unakanyaga wapi. Kama utachonga kingine, chonga hicho.*

*Sasa kosa langu. Nimetoboa masikio na kuvua kofia. Nyanya yangu alinieleza juu ya baba yake, na mimi nikamfanya. Hakuna aliyenituma kutoboa, nilitoboa mwenyewe. Kofia na mabega nimevifunga kwa pamba, viko salama, nimevipaka na vimekauka. Kichwa naomba kibaki. Nyanya ana mahali pa kukiweka pameachwa wazi tangu vita. Najua hunayo nakala nyingine ya maonyesho na jina langu halitakuwepo, nimeelewa. Nakuomba unijibu kabla Agosti haijaisha, nijue kama nikitume au nisikitume. Wako, Saru.*

Mzee aliisoma, hakubadilisha neno. Alisema tu, "Kwa hiyo tumtumie kofia na mabega? Atafikiri forodha wamemla kichwa." Tukavituma vyote viwili pamoja na barua, kwa rejista. Kichwa tukakiweka kwenye rafu ya chumba cha nyuma, kati ya mikebe ya rangi ya kijani ambayo hakuna anayeinunua, na boksi tupu lenye anwani ya Hanif nikaliweka chini yake. Tayari kwa lolote.

*

Agosti iliisha. Barua haikuja.

Septemba ikaingia na upepo wake na vumbi lake. Kila siku nilikwenda kwenye sanduku la posta na ufunguo wa mzee. Kulikuwa na bili, kulikuwa na kalenda ya kampuni ya rangi, siku moja niliona stempu ya Uingereza, nikaichana bahasha palepale, kumbe kikaratasi chao cha kila mwezi. Kwenye ukurasa wa tatu walikuwa wametangaza maonyesho. Hakuna lililosemwa kuhusu askari. Mzee alisema Hanif akikasirika hunyamaza, na akifurahi pia hunyamaza, kwa hiyo hatuwezi kujua.

Kalondu alikuja kukiona. Aliomba mwenyewe, akisema kwamba kwa kuwa jina lake limeingia kwenye habari hii bora aone mwisho wake. Kalondu huingia kwangu na ndala zake na matope yake, hata siku ya mvua, na nikimwambia ananiuliza kama nimetandika zulia. Siku hiyo alifika mlango wa chumba cha nyuma, akakitazama pale kwenye rafu, akavua ndala.

"Huyu sasa ni mtu," alisema baadaye, tukiwa nje. "Yule wa karai hakuwa mtu."

"Ulisema alikuwa mtoto."

"Nilikuwa nimesimama mbali."

Jana nyanya akashuka tena. Hakunitumia habari. Nilikuwa napima misumari ya mabati nikasikia fimbo yake kwenye sementi. Gauni lilikuwa lilelile la kanisani, lakini kikapu hakikuwa na maharagwe. Kilikuwa kitupu, na ndani yake ametandika leso mpya, imekunjwa mara nne.

Alipitiliza mpaka chumba cha nyuma, mimi nyuma yake. Hakuhitaji kuonyeshwa. Alisimama mbele ya rafu, kimo chake na kimo cha rafu vikalingana, kwa hiyo walikuwa uso kwa uso. Alikaa hivyo. Nikasikia treni ikiwa mbali, kisha karibu, mikebe ikaanza kugongana kidogo kidogo, naye akainua mkono akakishika kichwa kisidondoke. Kidole chake cha shahada kikaingia kwenye sikio la kulia, lile refu. Kiliingia ncha tu, kidole cha mtu mzima. Treni ikapita. Hakukitoa.

"Mwenyewe amesema nini?" aliuliza.

"Hajajibu, nyanya."

"Tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Na ile sherehe yao?"

"Ni Oktoba. Wiki tatu kutoka sasa. Akiandika leo bado kichwa kinaweza kufika, kwa ndege."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona si ghali wala si rahisi. Alitazama boksi lililokuwa chini ya rafu. Kusoma hajui, lakini anaijua anwani ikiwa anwani.

"Wakiandika jina lako kule," alisema, "nani atalisoma?"

"Watu wa kule."

"Wanakujua?"

"Hawanijui. Ndipo wangenijua."

"Ni kitu kizuri," alisema. Hakusema kwa kejeli. Nilimtazama vizuri, nimezoea kutazama nyuso, haikuwa kejeli. "Mimi jina la baba yangu sijawahi kuliona limeandikwa popote."

Nje, dukani, mteja alikuwa ameondoka. Nilisikia Mzee Abdulbasit akipima misumari niliyokuwa nimeshaipima, akiimimina kwenye mizani, akiirudisha, akiimimina tena. Hakuja. Alishasema lake, kwamba kichwa si chake kutoa, na mimi nilijua pia kwamba halisemi tena kwa sababu hataki kunisaidia kujibu.

Nyanya alichukua kikapu, akakiweka juu ya meza yangu, kati ya brashi. Akaikunjua leso mara moja, akaacha shimo dogo katikati, kama kiota. Mikono yake ilikuwa imara kuliko ya mzee.

"Yeye alinibeba mpaka kwenye kona," alisema. "Basi la Mwanda linaondoka saa tisa. Saru, nimbebe?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Kichwa kilikuwa bado kwenye rafu, kikitazama njia.